Tupime Kwanza: Barabara za Ngenge Zianzie Wapi?

Hotuba ya kamati ya fedha katika mkutano wa mwaka wa wana-Ngenge waishio mijini



Mwaka huu mwenyekiti ametuomba tusisome hesabu tu na kukaa. Hesabu zenyewe zimegawiwa, kila mmoja anayo nakala, na maswali tutayajibu mchana. Tumeombwa tuzungumzie barabara, na hasa swali ambalo kamati yetu imekuwa ikilikwepa: fedha zikipatikana, tuanzie wapi?

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita tulichanga, tukakodi greda, tukamwaga moramu kwenye kipande kimoja cha njia kule nyumbani. Wengi wenu mnakijua. Kazi ilikwenda vizuri, risiti zote zipo, hakuna shilingi iliyopotea. Sisi wahasibu tulilala usingizi mzuri. Tulipokwenda kutoa taarifa kwa wananchi, mama mmoja alisimama, akashukuru kwanza kama ilivyo desturi, kisha akasema: "Wanangu, mlipochagua kipande kile, mlipima kwa kipimo gani?"

Hatukuwa na jibu. Kipande kile kilichaguliwa kwa sababu ahadi kubwa zilitoka kwa watu wa upande ule, na kwa sababu magari yetu hupita pale tunapokwenda Krismasi na misibani. Mama yule anatoka ng'ambo ya bonde. Masika yakikolea, mgonjwa wa kwao hubebwa kwa machela kuzunguka maji mpaka pale pikipiki inapoweza kufika. Hakuuliza kwa hasira. Angekuwa na hasira tungejitetea, tungesema anatuonea wivu, na mambo yangeishia hapo. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua, na swali lake tumerudi nalo mjini.

Tulipoanza kutafuta jibu tuligundua kwamba hatuko peke yetu. Hata nchi imehangaika na swali hilo. Katika miaka ya 2000 Serikali iliweka kanuni za kugawa ruzuku kwa halmashauri ili fedha zisifuate nani anafahamiana na nani. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini tazameni kanuni mbili tukiziweka pamoja. Ile ya maji ilitoa asilimia 90 ya fedha kwa kuangalia idadi ya wakazi wa vijijini wasiopata maji, na asilimia 10 iliyobaki iligawanywa sawa. Ile ya barabara ilitoa asilimia 75 kwa urefu wa mtandao wa barabara uliopo, asilimia 15 kwa ukubwa wa eneo na asilimia 10 kwa idadi ya wakazi maskini. Kwa maji tulihesabu wasionacho. Kwa barabara tulihesabu walichonacho.

Tusiwe wepesi wa kulaumu. Fedha hizo zilikuwa hasa za matengenezo, na huwezi kutengeneza barabara isiyokuwepo. Mhasibu yeyote anaelewa kwamba mali iliyopo lazima itunzwe kabla ya kununua nyingine. Ila matokeo yake ni kwamba mwenye kilomita nyingi kwenye daftari huendelea kupata, na njia ya miguu ya ng'ambo ya bonde, kwa kuwa haimo kwenye daftari, haihesabiwi kabisa.

Ndiyo maana daftari lenyewe ni jambo la kufuatilia. Tangu Julai 2017 barabara za wilaya zetu ziko chini ya TARURA, na taarifa zake hutunzwa kwenye mfumo wa kompyuta uitwao DROMAS: urefu, hali ya barabara, madaraja na makalavati. Kwa miaka kadhaa mtandao wa TARURA ulihesabiwa kuwa na kilomita 108,946. Mwaka 2021 ukatangazwa upya kwenye Gazeti la Serikali, ukafika kilomita 144,429. Zaidi ya kilomita 35,000 ziliingia daftarini, nyingi zikiwa zinapitwa na watu miaka yote. Kwa lugha ya ofisini barabara hizi ni za mkusanyo, za mlisho na za jamii. Swali la kuwauliza ndugu zetu waliotoka nyumbani ni rahisi: njia yenu ya kwenda zahanati imo, au haimo?

Mwaka huohuo wa 2021 yalitokea mambo mawili zaidi ambayo mnayakumbuka. Iliongezwa shilingi 100 katika kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za TARURA, kwa hiyo hata kijana wa bodaboda aliyewaleta hapa leo anachangia barabara ya kijijini. Pia kila jimbo la uchaguzi lilipangiwa shilingi milioni 500 za barabara. Wengi tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini kugawa sawa si lazima kuwe ndiyo haki. Jimbo lenye lami na tambarare lilipata sawa na jimbo lenye milima, matope na madaraja yaliyokatika. Na hapa kwetu Muleba, wilaya yenye majimbo mawili, tuna kata nzima za visiwani. Mtu wa Bumbire au Goziba njia yake ni ziwa. Mgawie kwa kilomita za barabara, umemnyima. Mgawie sawa na wengine kwa ajili ya barabara, bado gati na mtumbwi havimo kwenye hesabu.

Basi ni kipimo gani kifae? Duniani kuna kimoja maarufu. Mwaka 2006 wataalamu wa Benki ya Dunia walipendekeza kuhesabu wakazi wa vijijini wanaoishi ndani ya kilomita 2 kutoka barabara inayopitika mwaka mzima. Wakakadiria kuwa kama watu bilioni moja duniani wako nje ya hapo. Miaka kumi baadaye, 2016, kipimo hicho kilirudiwa kwa njia mpya. Badala ya kuuliza kaya moja moja, walichukua ramani ya wapi watu wanaishi, iliyotengenezwa kwa takwimu za sensa na picha za setilaiti, wakaweka juu yake ramani ya barabara zenye hali nzuri, wakahesabu waliomo ndani ya kilomita 2. Katika nchi nane za mwanzo, Kenya ilipata asilimia 56, Uganda 53, na Tanzania 24.6. Kwa maneno mengine, kati ya Watanzania wanne wa vijijini, watatu walikuwa nje ya kipimo. Kipimo hicho sasa kimo katika malengo ya maendeleo ya Umoja wa Mataifa.

Tulikipenda tulipokisoma, mpaka tulipokiweka kichwani juu ya Ngenge. Kilomita 2 zile hupimwa kwa mstari ulionyooka, kama anavyoruka ndege. Kwetu Kagera nchi imepangwa kwa migongo ya milima na mabonde katikati yake: vibanja huku, vibanja kule, na katikati maji na rweya. Nyumba iliyo kilomita moja na nusu kutoka barabarani kwa ndege inaweza kuwa mwendo wa saa mbili kwa mama mwenye mtoto mgongoni, kwa sababu katikati hapakatiki. Kwenye kipimo cha kilomita 2 mama yule aliyetuuliza swali amehesabiwa kuwa amefikiwa.

Kwa hiyo kwetu sisi kipimo cha maana ni muda. Na hili si wazo la kigeni. Tanzania ilikuwa miongoni mwa waliolionyesha dunia. Mwaka 1985 ulianza mradi wa usafiri vijijini katika Wilaya ya Makete, wakati huo ikiwa mkoani Iringa na sasa Njombe, kwa kushirikiana na Shirika la Kazi Duniani. Kabla ya kujenga, waliuliza kaya: mnakwenda wapi, mara ngapi, mnachukua muda gani, anabeba nani? Jibu liliwashangaza wahandisi. Safari nyingi za kaya hazikuwa za barabarani kabisa. Zilikuwa za kisimani, kuni, shambani na mashine ya kusaga, kwa miguu, mzigo ukiwa kichwani, na sehemu kubwa ya mzigo huo ilibebwa na wanawake. Ndipo mradi ule ukaacha kufikiria greda peke yake. Ukatengeneza njia za miguu na vivuko, ukahimiza punda, ukasogeza mashine za kusaga karibu na watu. Njia bora ya kumpunguzia mama safari ya kwenda mashineni wakati mwingine ni kuileta mashine.

Tumekaa hapo kidogo kwa sababu wapo kati yetu wanaoamini kwamba maendeleo ni gari kufika mlangoni. Tunawaelewa. Lakini mwulizeni dada yako aliyebaki nyumbani alipanda gari mara ngapi mwaka jana, halafu mwulize alipanda mlima ule na ndoo mara ngapi.

Sasa tufike kwenye chombo tunachopendekeza. Zamani kazi kama ya Makete ilihitaji wadodosaji wengi na miezi mingi. Leo simu iliyo mfukoni mwako inarekodi njia unayotembea na muda unaotumia. Ipo programu ya ramani ya bure iitwayo QGIS, na Shirika la Afya Duniani linatoa bure nyingine, AccessMod, inayokadiria muda wa kufika kituo cha afya kwa kuangalia mwinuko, mito, aina ya njia, na kama mtu anatembea au amepanda pikipiki. Hapa Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wenyewe kuchora mitaa na mitaro ya kata zinazofurika, na ramani hizo zikabaki wazi kwa kila mtu. Kama vijana waliweza kuchora vichochoro vya uswahilini, wetu watashindwaje njia ambazo wamezipita tangu darasa la kwanza?

Kazi yenyewe ni kupanga ramani moja juu ya nyingine kama karatasi za kuonyesha: nyumba ziko wapi, zahanati, shule na gulio viko wapi, njia zipo zipi, wapi panakatika mvua zikinyesha. Kisha kompyuta inaulizwa: tukiweka kivuko hapa, nani anapunguziwa muda gani? Na tukikiweka pale? Haichoki, unaweza kuuliza mara hamsini.

Lakini, ndugu zetu, kompyuta haijui haki. Tutoe mfano wa kubuni, namba zake ni za darasani tu. Tuna fedha za kivuko kimoja na sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ina watu 400, na kila mmoja atapunguziwa dakika 15 kwenda zahanati. Zidisha: dakika 6,000. Sehemu ya pili ina watu 150, na kila mmoja atapunguziwa dakika 30. Zidisha: dakika 4,500. Ukihesabu jumla, ya kwanza imeshinda. Lakini sasa uliza, leo wanatembea muda gani? Wa kwanza dakika 30, watabaki na 15. Wa pili saa mbili, watabaki na saa moja na nusu. Tukikubaliana kwamba mwendo wa chini ya saa moja ni wa kuvumilika, na tuhesabu tu dakika zinazozidi saa hiyo, sehemu ya kwanza inapata sifuri na ya pili inabaki na 4,500 zote. Namba ni zilezile na watu ni walewale, ila kwa kubadili swali mshindi amebadilika.

Hapo ndipo tunapotaka mtusikilize vizuri kama wahasibu wenu. Anayechagua swali ndiye anayechagua barabara. Mtu mjanja akishaona ramani anaweza kupanga uzito wa vigezo mpaka kivuko kiangukie kwa shangazi yake, na ramani ikatoka nzuri, ya rangi, na ninyi mkapiga makofi. Dawa yake tunaijua sote tuliowahi kukaa kwenye kamati za zabuni: vigezo hutangazwa kabla bahasha hazijafunguliwa. Kwa hiyo tunaomba mkutano huu uamue uzito leo, kabla hatujaweka mguu bondeni. Muda wa kufika zahanati uhesabiwe kiasi gani ukilinganisha na gulio? Mtoto wa shule anayevuka maji peke yake je? Njia inayokatika miezi miwili ya masika ilingane vipi na njia mbaya mwaka mzima? Hakuna mtaalamu wa kutujibia haya.

Lipo pingamizi tulilolisikia ndani ya kamati, na ni la haki kulisema hadharani. Mjumbe mmoja alisema: mtu anayechanga anataka kuona jambo kwao, mkimwambia fedha zake zinakwenda ng'ambo ya bonde, mwakani hatachanga. Huenda ni kweli. Hatuna namna ya kulipinga hilo kwa hesabu. Tunachoweza kusema ni kwamba mwaka ule tulipomwaga moramu kwa kufuata ahadi, watu wa ng'ambo ndio walioacha kuchanga, na hakuna aliyewahesabu kwa sababu michango yao ilikuwa midogo.

Pia tusidanganyane kuhusu uwezo wetu. Chama cha watu wa kata moja hakijengi barabara. Hiyo ni kazi ya Serikali na tuendelee kuidai. Sisi tunaweza kalavati, kivuko cha miguu, mtaro, pengine daraja dogo la mawe kama yale ya upinde yaliyojengwa Kigoma, ambayo hutumia mawe na mafundi wa hapohapo badala ya nondo nyingi. Lakini ramani inafaa hata kwa pale tusipoweza. Diwani akienda kwenye kikao na lalamiko hurudi na ahadi. Akienda na orodha ya njia zilizopimwa, zenye muda, idadi ya watu na mahali panapokatika, afisa wa TARURA ana kitu cha kuingiza kwenye mfumo wake. Vikao vya vijiji vya kupanga vipaumbele, vile vya fursa na vikwazo, navyo vitakuwa na kitu cha kutazama zaidi ya sauti ya mwenye sauti kubwa.

Jambo dogo ambalo ramani hailioni: njia ikichorwa imepita katikati ya kibanja, ile si rangi ya kijani tu. Pale kuna migomba ya mtu na makaburi ya baba zake. Hakuna mstari utakaowekwa alama ardhini kabla familia haijakaa na serikali ya kijiji na kuandikishana. Tunalisema mapema kwa sababu tunajijua.

Fedha tunazoomba leo tumezigawa hivi. Katika kila shilingi 100, shilingi 10 ni za kupima: nauli, chakula cha watembeaji, vocha za intaneti, na mchoraji mmoja wa kuwafundisha vijana wetu. Shilingi 90 zitakaa benki, hazitaguswa, mpaka matokeo yabandikwe kwenye ofisi ya kata na kila ofisi ya kijiji kwa siku 30 ili anayeona kitongoji chake kimeachwa aseme. Baada ya hapo kamati itajenga pale palipotoka, hata kama hakuna mjumbe wake hata mmoja anayetoka huko. Tumeomba neno hilo liingizwe kwenye muhtasari ili mwakani mtubane nalo.

Karatasi za uzito wa vigezo ziko kwenye meza ya usajili, karibu na chai. Kila mtu ana karatasi moja, aliyeahidi milioni na aliyeleta elfu tano. Zijazwe kabla ya chakula, zitahesabiwa hapa mbele.

Njia zitatembewa mara mbili. Mara ya kwanza Aprili, maji yakiwa yamejaa, na mara ya pili Julai, pakikauka, kwa sababu tofauti ya safari hizo mbili ndiyo tunayoitafuta. Wa Julai tumeshawapata, wamejiandikisha wengi. Wa Aprili bado tunahitaji watu wanne wenye gambuti, na angalau wawili wawe wanawake wanaoijua njia ya ng'ambo. Mama yule ameshasema atawaongoza.